Baiskeli ya Damas Yatoka Mahabusu

Siku ya kwanza aliyorudi kazini baada ya msiba, Kornel alijigonga kidole gumba kwa nyundo, akakitazama kama anayetazama kidole cha jirani. Mteja aliyekuwa anasubiri kuzibiwa pancha ndiye aliyeruka.

"Mungu wangu! Pole, fundi!"

"Ya nini?" Kornel akauliza, akaendelea kugonga.

Na mtu asije akasema kwamba Kornel alizaliwa hivyo. Huyu alikuwa fundi baiskeli wa Cheyo, hapa Tabora mjini, na Cheyo si mahali pa kubahatisha. Kwingine watu hufundishwa baiskeli. Tabora mtoto huzaliwa anaijua, na akishindwa tunaanza kuulizana mama yake alitoka wapi. Katika mji wa namna hiyo Kornel alikuwa fundi wa mafundi. Mdomo wake ulikuwa na maneno kuliko gurudumu lilivyo na spoku. Anakuzibia pancha huku anakusimanga, unaondoka umetengenezwa na umetukanwa, na kesho unarudi. Lakini tangu amzike Damas, kaka yake, ule mdomo ulifungwa kama duka la mtu aliyehama. Chai aliinywa ikiwa inatokota, haikumwunguza. Usiku alilala, asubuhi aliamka, katikati hapakuwa na kitu. Chozi halikumtoka kaburini, halikumtoka baadaye. Alifika mahali akawa anajibonyeza shavu kama mtu aliyetoka kung'olewa jino, anasubiri ganzi iishe.

Damas alikuwa muuza asali. Alipanda treni na baiskeli yake mpaka Tura, akaifuata asali kwa warinaji, akarudi na ndoo, kisha akawa anapita mtaa kwa mtaa akipiga kengele. Mwanamume mzima mwenye vioo viwili kwenye usukani, maua ya plastiki katikati, na kipande cha mpira nyuma kilichoandikwa WIVU HAUNA DAWA. Jioni moja, akirudi nyumbani Itetemia, kioo cha lori kilimgusa bega. Akaanguka kwa kichwa. Baiskeli iliingia mtaroni na ndoo yake nyuma, na mfuniko wa ndoo haukufunguka. Asali haikumwagika hata tone.

Polisi wakachukua baiskeli na ndoo kuwa vielelezo. Dereva akashtakiwa, kesi ikaenda, ikaisha, akahukumiwa. Mahakama ikasema mali ya marehemu irudishwe kwa ndugu zake. Jambo jepesi, ungedhani.

Sasa huko Itetemia mama yao, Bi Imakulata, alikuwa bado yuko kwenye mkeka. Wageni walishaondoka zamani, maturubai yalisharudishwa, padri alishasoma misa ya arobaini, mama hakuinuka. Matanga hayakuanuliwa. Kila ndugu aliyekuja kumbembeleza alipewa jibu lilelile.

"Mwanangu nusu yuko makaburini, nusu yuko mahabusu. Mnataka nianue tanga la nusu mtu? Leteni baiskeli yake."

Mwili wake ulikuwa unakwisha pale chini. Miguu ilianza kuvimba. Ukimshika mkono ulikuwa mwepesi kama kanga iliyokauka kambani. Kornel aliyaona hayo yote, akajua kwamba inampasa aogope, akatafuta woga ndani yake, hakuupata. Basi akaenda kituoni bila woga, kwa sababu miguu yake ilikuwa inajua njia.

Mara ya kwanza mtunza stoo alikuwa likizo. Mara ya pili aliambiwa alete barua ya mwenyekiti wa mtaa kuthibitisha kwamba yeye ndiye ndugu. Mara ya tatu alikuta stoo ina mtu mpya, mwanamke mnene mwenye cheo cha sajenti, anapunga kitambaa dirishani.

"Karibu, kaka. Ingia upesi, funga mlango. Nyuki."

"Shikamoo, Afande."

"Marahaba ya nini? Umenizidi mvi. Unataka nini?"

Kornel akampa amri ya mahakama na barua ya mwenyekiti. Afande akasoma, akamtazama, akasoma tena, akaangua kicheko cha kupasua bati.

"Kumbe wewe ndiye mwenye ndoo! Kaka, tangu nihamie hapa sijapumzika. Nyuki wa Tabora nzima wamekuja kuripoti kituoni. Wanaingia dirishani asubuhi, wanatoka jioni, kama watumishi wa serikali. Mkuu wa kituo amechomwa sikio!"

Kornel hakucheka. Afande akamkagua kwa macho ya kipolisi.

"Marehemu ni nani yako?"

"Kaka yangu."

"Pole sana."

"Haya."

Akamwongoza ndani. Palikuwa na mapanga yenye vibandiko, mabati, magunia, televisheni isiyo na kioo, viatu vya watu. Kule mwisho baiskeli ya Damas ilikuwa imeegemea ukuta, maua yake yameingia vumbi, gurudumu la mbele limepinda, ndoo iko nyuma imefungwa kwa mpira uleule alioufunga Damas. Kornel aliitazama. Alikuwa ameingoja siku hiyo akidhani kitu kitatokea. Hakikutokea kitu. Ilikuwa baiskeli.

"Ndiyo yenyewe?"

"Ndiyo."

"Weka sahihi hapa. Na hapa." Afande akageuza karatasi, akasoma jina la ukoo, akainua kichwa polepole. "Ngoja kwanza. Wewe Mnyamwezi?"

"Mnyamwezi."

"Baba na mama?"

"Wote."

Afande akaweka kalamu chini na kuikunja mikono ya shati. "Mimi Mzaramo wa Kisarawe. Mwanamkuu jina langu. Na muda wote huu nakuita kaka, nakupa pole kama mtu wa maana, kumbe ni mbeba mizigo tu!"

Hapo inabidi mgeni aelezwe. Mababu wa Kinyamwezi walibeba pembe na magunia vichwani kutoka Tabora mpaka pwani, wakapita nchi za watu, wakalala kwa watu, wengine wakafia huko. Waliowazika ni hao wenye nchi, Wazaramo wakiwemo. Ndiyo maana mpaka leo Mzaramo akifiwa, Mnyamwezi anakuja kumfanyia fujo, na Mnyamwezi akifiwa, Mzaramo hana adabu. Anavaa nguo za marehemu, anaigiza sauti yake, analala kwenye kaburi kabla ya mwenyewe. Huwezi kumkasirikia. Akikosekana, msiba unabaki umekaa vibaya, kama mzigo uliofungwa upande mmoja.

"Watani walikuja?" Afande Mwanamkuu akauliza.

Kornel akakitazama kidole chake. "Walikuja. Niliwafukuza."

"Ulifanya nini?"

"Mzee Rashidi, yule Mzaramo muuza kahawa. Alivaa kofia ya Damas, akaingia kaburini, akalala. Akasema, 'Sogea, Damas, wewe mwembamba, hapa tunaenea wawili.' Nikamtoa kwa kola ya shati, nikamsukuma mpaka barabarani. Wenzake wakamfuata."

Afande alishika kiuno. Katika stoo ile alishapokea mapanga yenye damu, wala hakushtuka alivyoshtuka sasa.

"Umemfukuza mtani kaburini! Mzaramo mtu mzima amejitahidi, ameingia shimoni na magoti yake mabovu, wewe unamkamata kola kama mwizi wa kuku! Nyie kweli mzigo uliwabonyeza ubongo." Akageuka haraka, akaichukua baiskeli kwa usukani. "Umeshaweka sahihi?"

"Nimeweka."

"Basi kama polisi nimekukabidhi mali yako, tumemalizana. Na kama mtani nakunyang'anya. Nenda kashtaki."

Kornel akabaki amesimama, mikono imening'inia. "Afande, mama anaisubiri."

"Ataipata. Lipa kwanza. Niambie alikuwa anaiendeshaje, huyo mpumbavu mwenye vioo viwili na sura moja."

"Vibaya," Kornel akasema. Sauti yake mwenyewe ilimshangaza. "Magoti nje, kama chura. Alikuwa hashuki mlangoni. Anaingia nayo mpaka uani, kuku wanakimbia, anapiga kengele bila kuacha."

"Halafu?"

"Halafu anapiga kelele."

"Anasemaje?"

Kornel alifikiri kama asiyetaka kuyagusa hayo maneno. "Anasema, 'Bi Imakulata, ficha mboga, polisi wamefika!' Kila jioni. Tangu tuko vijana. Mama anamtupia chochote alichoshika."

Afande Mwanamkuu akatazama magwanda yake, akatazama baiskeli, kisha akaivaa kofia yake vizuri.

"Zamu yangu imekwisha," akasema. "Tangulia kunionyesha njia. Au nifuate unielekeze. Mnyamwezi kutembea si kazi kwako."

Basi watu wa Tabora wakaona jambo. Sajenti mnene wa polisi juu ya baiskeli yenye maua, magoti nje kama chura, gurudumu la mbele linayumba huku na huku, wingu dogo la nyuki linafuata ndoo, na nyuma yao fundi wa Cheyo anatembea kimya mikono mfukoni. Waliomjua Damas walisimama. Mwanamke mmoja aliyekuwa anauza karanga akaziba mdomo. Afande akawa anawapigia kengele wote, anawasalimu kwa jina la marehemu: "Damas huyo! Damas katoka mahabusu! Mlidhani ameiba nini?" Kornel aliyasikia kama mtu anayesikiliza redio ya nyumba ya pili. Aliona tu kwamba ringi imepinda upande wa kushoto.

Walipokaribia nyumba ya Bi Imakulata, Kornel akainyooshea kidole, Afande hakupunguza mwendo. Akaingia mlango wa uani na kengele juu, kuku wakaruka, sufuria ikapinduka.

"Bi Imakulata, ficha mboga, polisi wamefika!"

Mkekani mama aliinua kichwa. Mkono wake ulitangulia akili yake, ukashika ufagio uliokuwa karibu, ukautupa. Ukampata Afande begani. Ndipo mama akaona alichokipiga, magwanda, kofia, cheo, akafungua mdomo.

"Ndiyo, piga!" Afande akashuka, au tuseme baiskeli ilimwangusha. "Piga askari, Mnyamwezi wewe! Umekaa chini kama gunia la viazi, utachipua hapo! Mtoto anarudi toka safari, chakula kiko wapi?"

Hata kuku walisubiri.

"Wewe ni nani?" Mama akauliza.

"Mtani wako. Mzaramo wa Kisarawe."

Bi Imakulata akamkagua toka juu mpaka kwenye viatu vyenye tope. "Ndiyo maana hujui kuendesha," akasema. "Nyie mmezoea kukaa chini ya mnazi mnangoja nazi iwaangukie."

"Na nyie mmezoea kuibeba hiyo nazi kichwani!"

"Toka uani kwangu!"

"Sitoki, nakaa hapo hapo ulipokaa. Sogea!" Akaanza kweli kujilaza mkekani, kiatu na kofia na yote.

Bi Imakulata akasimama. Aliinuka kwa kushika ukuta, akaufuata ufagio wake, akaushika, akarudi kumpiga nao yule sajenti aliyekuwa anabingirika na kuomba msaada wa serikali. Alimpiga akicheka. Kisha kicheko kikapoteza njia, kikawa kilio, kile cha kutoka tumboni ambacho Itetemia ilikuwa imekingoja tangu mazishi. Afande akaamka, akamshika, wakalia pamoja, Mzaramo akiwa haachi kutukana katikati ya machozi.

Mkeka ukawa mtupu. Kornel akainama, akaukunja, akausimamisha pembeni ya mlango.

Baadaye wakafungua ndoo. Asali ilikuwa nzima. Afande akadai fungu lake kama mtani, akachovya kidole bila aibu. Mama akajaza chupa moja, akaifunga kwa kipande cha nailoni, akamwekea Kornel mbele yake.

"Hii ya mzee Rashidi. Kesho unaipeleka mwenyewe."

"Sawa, mama."

"Na akikutukana?"

"Nitamwacha anitukane."

"Akitaka kulala kwenye kitanda chako?"

"Nitamwacha."

Wanawake hao wawili walikuwa wameanza kupika. Kornel hakujua aende wapi, akaenda kwenye baiskeli. Akaigeuza chini juu, akazungusha gurudumu la mbele, akaliona linavyocheza kushoto. Akatoa spana yake, akaanza kukaza spoku moja moja, analegeza ya huku, anakaza ya kule, anazungusha, anatazama. Hakuwa na huzuni. Hakuwa na furaha. Kulikuwa na ringi, na ringi ilikuwa inanyooka. Spana ikateleza, ikamgonga kidole gumba palepale penye kucha nyeusi.

"Aah!"

Mama akachungulia kutoka jikoni, mwiko mkononi. "Nini tena?"

"Kidole."

"Kina nini?"

"Kinauma."

"Kilikuwa hakiumi?"

Kornel akakitazama, akakishika kwa mkono wa pili, akakibana.

"Kilikuwa hakiumi," akasema.