Meli za Wareno Mezani Lubudi

Nilikwenda Lubudi kuomba mke. Godelive, muuguzi katika zahanati moja ya Dilala, mtaa wa mji wetu wa Kolwezi, alikuwa amekwisha kunikubali. Aliyebaki ni mama yake. Mama Georgette aliposikia jina langu, Mbuyi, alijua mara moja kwamba sisi ni watu wa Kasai, tunaohesabiwa wageni huku kwenye migodi ya shaba. Akamwambia binti yake kwenye simu, "Akuye nimuone kwanza," akakata.

Jumamosi asubuhi tuliondoka Dilala kwa taxi-moto, pikipiki ya abiria, hadi kituo cha basi. Nilivaa suti ya bluu ninayofundishia. "Utafika mwekundu," Godelive alinionya, na kweli, vilima vya mabaki ya madini vya Kingamyambo vilipobaki nyuma yetu, vumbi jekundu liliingia kwa kila dirisha. Mimi ni mwalimu wa historia. Wiki ile nilifundisha jinsi Wareno walivyotafuta njia ya bahari kwenda India, wakafika mahali mto Kongo unapoingia baharini. Mwanafunzi mmoja aliuliza habari hiyo yatuhusu nini sisi watu wa shaba, tulio mbali na bahari. Jibu nililompa halikuniridhisha, nikawa nalitafuna njia nzima.

Lubudi tulifika saa ya chakula. Nyumba iko karibu na reli, na nyuma yake mashamba yanashuka mpaka bondeni. Mama Georgette, mjane mrefu mwenye sauti ya kuongoza kwaya, alinitazama kuanzia viatuni.

"Weye njo Mbuyi?"

"Ndiyo, mama. Mi nilizaliwa Kolwezi."

"Ulizaliwa Kolwezi, lakini benu balikuyaka na treni. Siye, bakubwa betu balizikwa hapa. Siku moja utamubeba mwana yangu kule Kasai, na mi nitabakia naangalia njia."

Godelive aliinamisha kichwa. Mezani palikuwa na bukari, ugali wa unga wa mahindi na muhogo, sombe ya majani ya muhogo iliyopikwa na kalanga, na pilipili pembeni. Nilikuwa na njaa na nilikuwa na hofu, na maneno yakanitoka kabla sijayapima.

"Mama, hii bukari pia ilikuyaka, ilitoka mbali."

Mkono wake ulisimama juu ya sahani. "Ilitoka wapi?"

Nikamweleza. Mahindi, muhogo, kalanga, hata pilipili, vyote vilikuwa vyakula vya watu wa Amerika. Meli za Wareno zilivivusha bahari, zikavishusha pwani yetu ya magharibi, na kutoka hapo vilipita mkono kwa mkono, kijiji kwa kijiji, mpaka mashamba ya huku.

"Pale mbele bakubwa balikuwa banakula nini?"

"Mtama, mama. Ulezi."

Alicheka kwa nguvu hata jirani akachungulia. "Godelive, unasikia professeur yako? Hata sombe haina ya kwetu!" Kisha kicheko kikaisha taratibu. "Na zile bateau, zilikuwa zinarudia na nini?"

Ningeweza kutaja pembe za ndovu. "Na watu, mama. Walipelekwa kulima ng'ambo."

Alinawa mikono, akaifuta polepole. "Huyu munaita Godelive, mu nyumba njo Mwadi. Ni jina ya binti wa nyumba yetu, zamani sana. Balimubeba upande jua inashukia, balimuuzisha. Hakurudia. Njo maana kila kizazi tunaita mutoto moja Mwadi." Aliniangalia usoni. "Sikatai Kasai, mwana. Nakatala kupoteza Mwadi mara ya pili."

"Mi siko na kwetu kungine, mama. Tutaikala Kolwezi. Na kila likizo tutakuya huku."

Alinyanyuka, akanipa jembe. Jioni ile nililima tuta zima la muhogo kando yake, koti nimelitundika kwenye mti, naye alinisahihisha kila baada ya hatua mbili, akionekana kufurahia kazi hiyo.

Jumapili, baada ya misa, alitusindikiza hadi barabarani. "Rudia na baba yako," aliniambia. "Akuye atuelezee muzuri namna bakubwa benu balikuyaka. Mi sipendi kupatia mwana yangu batu sijue habari yabo."

Njia ya kurudi Kolwezi Godelive alilala begani kwangu, na mimi nilitabasamu kama mjinga hadi tulipoona taa za mji.

Kesho yake niliingia darasani, nikamwita yule mwanafunzi nikamuuliza alikula nini jana. Somo likaanzia hapo. Mwisho wa kipindi hakuna aliyesema bahari iko mbali.

Jioni nilimpelekea baba ujumbe wa Mama Georgette. Ni mtu wa maneno machache. Miaka yote sikuwahi kumsikia akisimulia safari ya baba yake kutoka Kasai. Alizima redio, akavuta kiti karibu.

"Alikuwa na miaka kama ya kwako," alisema. "Na hakupenda kuondoka."