Filadelfia, Soko la Oldonyiro

Miaka ile nilipokuwa mwandishi wa barua katika idara ya maji ya kaunti, nilijiandikisha darasa la Kigiriki kanisani, hapa Isiolo mjini. Tulikuwa watu saba, kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana, saa ya joto ambayo hata mbwa hawabweki. Mwalimu wetu, mchungaji mstaafu, alikuwa na sauti ya kubembeleza mtoto. Nilimsikiliza nusu macho, nusu usingizini, vumbi likielea polepole kwenye mwanga wa dirisha.

Siku moja aliandika ubaoni: filadelfia. Akalipasua neno kwa chaki. Filo, kupenda. Adelfos, ndugu. Hilo nalo akalipasua: delfus ni tumbo la uzazi, na ile a ya mbele haikanushi, kama tulivyodhani, bali inaunganisha. Tumbo moja. Ile -ia ya mwisho hufanya kazi ya u- yetu katika undugu.

"Kumbe hawa Wagiriki waliongea kama nyanya zetu," akasema. Wenzangu wakacheka. Mimi usingizi uliniruka.

Kaka yangu, mtoto wa mama yangu, alikuwa hasemi nami mwaka wa tatu. Mama alipozikwa kwetu Kipsing, mimi nilibaki kwenye semina ya kazini, nikasingizia barabara mbovu. Uongo mtupu. Niliogopa kuliona kaburi. Baada ya mazishi alinitumia ujumbe mmoja tu: nisimwite ndugu tena.

Wiki iliyofuata nilidandia lori hadi Oldonyiro, siku ya soko la mifugo, ambako kaka huuza mbuzi. Nilimkuta katikati ya vumbi na kelele, ameshika kamba ya mbuzi wanne. Kati ya maneno yote niliyoyapanga njia nzima, yalitoka mawili.

"Habari, kaka," nikasema.

Alinitazama viatu, kisha uso. Halafu akanitia kamba mkononi, akaenda zake kunywa chai.

Sokoni pale mtu hamwachii mtu baki kamba ya mbuzi wake. Hata jirani huachiwa kwa shingo upande. Niliikamata kwa mikono miwili, machozi yakinitoka mbele za watu bila haya.

Mfanyabiashara mmoja kutoka Meru alisogea, akaminya mgongo wa beberu. "Hizi mbuzi ni zako, mzee?"

"Ni zetu," nikasema, kwa sauti ya kufika hadi kwenye kibanda cha chai.