Siku Zadock Alipomgeuza Nyangi Mwanamume

Ukitaka kujua kilichotangazwa leo kuhusu kazi ya uwakili, usihangaike na gazeti. Muulize Zadock. Nani ameteuliwa jaji, kanuni gani ya kusajili kesi mtandaoni imebadilika, programu gani mpya imetoka ya kutafuta hukumu za zamani: yote anayo kwenye simu, na atakusomea hata kama umeshika mlango ukitaka kutoka. Ofisi yake na yangu hapa Migori mjini zimetenganishwa na ukuta wa mbao, kwa hiyo habari hizo huzisikia nitake nisitake.

Zadock ni mtu wa Ndhiwa, na kutulia hakujui. Goti lake hucheza chini ya meza kama cherehani. Tangu mahakama zianze kusikiliza kesi kwa video, huhudhuria Homa Bay na Migori asubuhi moja, sikio hili kwa jaji huyu na sikio lile kwa mwingine. Jambo hilo hunikera sana. Lakini wateja humpenda, maana kesi inayolala kwetu sisi wengine, kwake hukimbia.

Ndivyo Mourine alivyofika kwake. Alitoka upande wa Kehancha, na aliyemwoa, Nyangi, alikuwa amefariki. Nyangi alikuwa mwanamke. Kwa Wakuria hilo si ajabu: mama asiyejaliwa mtoto wa kiume anaweza kutoa ng'ombe akaoa mke, na watoto wa mke huyo wakawa wa boma lake. Sasa Werema, mtoto wa shemeji yake Nyangi, alitaka kumfukuza Mourine na watoto akidai kwamba hawakuwa wa boma lile. Mourine alihitaji mahakama imwachie nyumba yake, basi.

Zadock aliweka simu mezani. "Mama, ongea tu. Hii inaandika yenyewe."

Kisha akapachika kisikizi sikioni, kwa sababu Homa Bay kesi yake nyingine ilikuwa inaitwa.

Mourine akaieleza simu. Akasema Nyangi ndiye alimwoa, ng'ombe alitoa yeye, na yeye ndiye aliyewapa watoto majina. Programu ikayachukua maneno hayo na kuamua kwamba aliyeoa kwa ng'ombe lazima awe mwanamume. Ikaandika hati ya kiapo kwa Kiingereza cha kupendeza: marehemu Nyangi, mkulima wa jinsia ya kiume, mume wa Mourine. Zadock akaipitisha macho, ikamfurahisha. Mourine, ambaye Kiingereza hasomi, akaapa na kutia sahihi. Hati ikatumwa kortini siku hiyo hiyo, na korti ikatoa amri ya muda kwamba Mourine asifukuzwe.

"Nimemaliza kabla chai haijapoa!" akanitangazia kupitia ukuta.

Mtu anayekula ugali wa Migori miaka yote hii, asijue kwamba Nyangi ni jina la mwanamke! Nilipokuja kujua, nusura nimrushie kiatu.

Jibu la upande wa pili halikuchelewa. Wakili wa Werema aliandika kwamba mwanamume huyo hakuwahi kuishi katika boma lile. Mourine ameapa uongo, akasema, kwa hiyo amri ya muda iliyomlinda iondolewe. Mourine alikuja ofisini akihema.

"Wakili, Werema ananicheka hapo sokoni. Mimi nilikwambia Nyangi ni mwanamume?"

Zadock akashika simu. "Ngoja mama, wacha nisikilize."

"Unasikiliza saa hii? Siku ile nilikuwa naongea na nani?"

Sauti ya Mourine ya siku ile ikatoka kwenye simu, kila neno mahali pake. Zadock akaizima. "Yawa," akalalama kwa Kijaluo, kwa sauti ndogo.

Mama alipoondoka, niliingia bila kubisha. Zadock alikuwa akizunguka chumba. Alitaka kuiambia korti kwamba ni makosa ya uchapaji, na alikuwa ameshaanza kuiagiza ile programu imwandikie utetezi!

"Aliyekula kiapo ni huyo mama," nikamwambia. "Ukisema ni uchapaji, bado anaonekana aliona na akaapa. Sema ni wewe."

"Wataniandika kwa mitandao yote ya mawakili."

Hapo nilimhurumia kidogo. Juzi tu alikuwa amenisomea habari ya wakili wa nchi nyingine aliyeaibishwa na programu ya aina hiyo, na alicheka mpaka ukuta ukatetemeka.

Siku ya kesi alikataa kuketi. Alisimama mbele ya kompyuta, tai imekaa upande, nami nilikuwa mlangoni. Skrini ilijaa nyuso za mawakili wakingoja zamu zao.

"Mheshimiwa, Nyangi alikuwa mwanamke. Mteja wangu alisema ukweli. Mimi ndiye sikumsikiliza."

Mmoja wao akakohoa kuficha kicheko. Jaji akaisoma hati tena, kisha akaruhusu mpya iletwe. Amri ya muda ikabaki: Mourine asiguswe mpaka kesi isikilizwe. Kabla ya jioni, uso wa Zadock ulikuwa katika kila kundi la WhatsApp la mawakili. Alinisomea mwenyewe kupitia ukuta, bila kucheka.

Mourine alirudi kwa ajili ya hati mpya. Zadock alikuwa na kalamu na karatasi tayari.

"Anza, mama."

"Kwanza niambie, watoto wangu wanaitwa nani?"

Kupitia ufa wa ukuta niliuona mkono wa Zadock ukienda mfukoni, kwenye simu. Ukasimama hapo.

"Sijui, mama."

"Basi tuanzie hapo."

Zadock akainuka, akaja kwangu, akaiweka simu juu ya meza yangu bila neno, akarudi. Asubuhi nzima simu hiyo ilitetemeka mbele yangu: Homa Bay, Ndhiwa, sijui nani tena. Sikuishika. Upande wa pili wa ukuta Mourine alikuwa akitaja majina, Bravin, Mirumbe, na siku kila mmoja alipozaliwa, Nyangi alikuwa amesimama wapi. Goti la Zadock liligonga meza kwa chini, likagonga tena. Kila mama aliponyamaza, nilimsikia akiuliza, "Halafu, mama?"