Mistari Mitatu Chini ya Kutu

"Weka huo msasa chini, wifi. Ukikisugua nao, nami nitakusugua wewe."

Aliyesema hivyo ni fundi cherehani, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Uzi, mwanamke ambaye akishikilia jambo humng'oi hata kwa winchi ya bandarini. Wifi yake, msasa mkononi, akajibu kwamba kisu ni cha mumewe, mumewe anarudi leo kutoka hospitali, na lazima akikute kinang'aa.

"Kimng'alie nani? Macho yake hayaoni tena."

Wifi akanywea. Kosa lilikuwa lake. Alikiosha kisu kile cha jeshi kwa maji ya moto na sabuni, kama sufuria, akakirudisha kwenye ala ya ngozi kikiwa bado na maji, akakifungia sandukuni. Ngozi ikanywa maji, kutu ikala chuma. Asubuhi ile walikivuta wote wawili, na Mama Uzi huapa mpaka leo kwamba kilipochomoka kilikohoa.

Chini ya kutu, karibu na mpini, kulikuwa na mistari mitatu iliyochorwa na rafiki wa kaka yake kambini, yule ambaye hakurudi. Kaka hakupata usingizi bila kuipapasa kwa kidole gumba. Msasa ungeifuta yote.

Basi Mama Uzi akakilowesha mafuta ya cherehani, akachonga kijiti ncha bapa, akaanza kukwangua pole pole, akifuta kwa mabaki ya vitambaa. Shingo ikamuuma, hakuinuka. Wifi akasema kwa mwendo huo mume wake atafika ameshazeeka. Mama Uzi akamjibu kwamba alizeeka siku ile ile alipomuoa. Wifi akacheka mpaka msasa ukamponyoka, akavuta kigoda, naye akashika kitambaa.

Kutu ikatoka kama vumbi la tofali. Mstari mmoja ukaonekana, kisha wa pili. Wifi akauliza kuhusu ala. Akaambiwa itundikwe ukutani peke yake, ikauke. Kisu kitalala kwenye kitambaa chenye mafuta.

Wa tatu haukuonekana. Mama Uzi akatupa kijiti, akapitisha ukucha pale pale, akarudia, akakaza. Ukucha ukanasa.

"Upo," alisema.

Nje gari likasimama. Fimbo ikaanza kupapasa ngazi.

"Wifi," mke wa kaka akamnong'oneza Mama Uzi, "akiuliza ni nani aliyekiosha, tafadhali mwambie—"

Mlango ukafunguka. Kaka alisimama kizingitini, mkono mbele, kidole gumba tayari.