Kahawa Kwenye Njia ya Ndege

Katika mambo ya viwanja vya ndege, hakuna kitu kinachoweza kunishangaza mimi. Nimeona mbuzi akizaa katikati ya njia ya kurukia huku mkubwa mmoja wa serikali akizunguka angani kumsubiri amalize. Nimeona rubani mzungu akishuka na kuomba ndizi za kuchoma kabla hajaomba mafuta. Vijana wa Karagwe na Kyerwa mnaoniuliza habari za kazi hii, niulizeni mimi mwenyewe, msiwaulize waliosimuliwa.

Siku ya kwanza kazini nilifika na fyekeo langu na darasa la tano langu, basi. Kiwanja chetu cha changarawe kilikuwa upande wa Kituntu, njia moja tu, na banda la bati lenye redio. Msimamizi wa Kiwanja alikuwa mtu wa Muleba, mrefu, anavaa kofia hata ndani ya nyumba. Akanitazama kuanzia miguuni.

"Kijana, unajua ndege inaogopa nini?"

"Ndege haiogopi kitu, mzee."

"Inaogopa ng'ombe. Yule pale. Kamtoe."

Nikamtoa. Kwa miaka mingi kazi yangu ikawa hiyo: kufyeka majani, kufukuza mifugo, kuziba mashimo, na kutazama soksi ya upepo, yaani lile gunia refu la rangi ya chungwa linaloning'inia juu ya mlingoti. Likijaa na kunyooka, upepo ni mkali. Likilala, upepo umelala. Msimamizi akanifundisha redio. Sisi hatuongozi ndege. Waongozaji wako kwenye viwanja vikubwa, ndio wanaozipangia ndege kimo na zamu. Sisi tunamwambia rubani mambo mawili: upepo unatoka wapi, na njia iko wazi au haiko wazi. Mambo mawili tu, lakini ukidanganya moja, mtu anakufa.

Nilipelekwa pia kiwanja kikubwa kwa mafunzo, nikakaa chini ya Mkuu wa Zimamoto, mtu mkali aliyetupigia filimbi hata tukila. Siku ya kuondoka aliniambia, "Wewe hukusoma, lakini una macho." Maneno hayo sikuyaomba, alinipa mwenyewe. Nikarudi kwetu nikiwa mtu mwingine. Msimamizi alipostaafu akarudi Muleba, nikabaki mimi kuwa kila kitu pale.

Sasa niwaambie habari ya kahawa. Kiwanja ni tambarare, hakina kivuli, na changarawe inashika joto. Tangu zamani kinamama wa vijiji vya jirani walianika kahawa pale wakati wa mavuno, maturubai na mikeka kutoka mwanzo wa njia mpaka katikati. Ndege ikitarajiwa, Msimamizi aligonga kipande cha reli, wakakunja wote wakasogea pembeni, ndege ikashuka, wakaanika tena. Haikuandikwa popote. Ilikuwa hivyo tu.

Kisha ukaja mjadala wa kuzikabidhi huduma kwa watu binafsi. Tuliitwa ukumbini Kayanga. Wakasema kufyeka, ulinzi, redio ya viwanja vidogo, vyote vitapewa mzabuni kwa mkataba. Diwani wetu akasimama, akasema leo ni kiwanja, kesho ni bomba la maji, keshokutwa mtoto atapimwa homa na mtu mwenye duka. Watu wakampigia makofi. Mimi nikasimama bila kuitwa.

"Serikali ikitaka kufyeka majani inaandika barua," nikasema. "Barua ikifika, majani yameshazaa mbegu. Mimi nafyeka kwa fyekeo. Nipeni mimi."

Ukumbi ukacheka. Diwani akanigeukia. "Na kinamama wa kahawa utawapeleka wapi, mkurugenzi?"

"Hiyo niachie mimi."

Nikasajili kampuni, nikaomba zabuni, nikashinda. Siwafichi, nilijisikia vizuri. Nilishona shati lenye jina la kampuni mfukoni. Mkataba ulisema njia ya kurukia iwe wazi saa zote, na atakayeiziba nimtoze faini. Nikasema hapo hakuna tatizo, nitagonga reli kama Msimamizi alivyogonga.

Mavuno yakafika. Asubuhi moja redio ikaniambia ndege ya wagonjwa inakuja kumchukua mzazi aliyekuwa anavuja damu. Gari la hospitali lilikuwa njiani. Nikagonga reli. Kinamama wakainua vichwa, wakatazama upande mmoja, hakuna aliyeinuka. Nikatazama walikotazama. Turubai la kwanza kabisa, mbele ya wote, jipya, la bluu, lilikuwa la mama mkwe wangu.

Wanangu, kwetu mkwe hamkaripii mama mkwe. Hamwiti jina, hamtazami usoni, wala hashiki kitu chake bila kutumwa. Binti yake nilimtolea mahari mimi mwenyewe, kwa ng'ombe, na heshima hiyo sikuivunja hata siku moja. Mke wangu Editha, ambaye angenisemea, alikuwa amekwenda Nyakakika msibani. Wenzake mama mkwe nao walijua hali yangu. Kama yeye hakunji, nani akunje?

Nikausogelea mlingoti wa soksi. Nikaligeuzia turubai mgongo, nikauambia mlingoti kwa sauti ya kusikika:

"Wewe mlingoti, leo kuna ndege. Ingekuwa vizuri hapa pawe wazi."

Mama mkwe naye akaugeukia mlingoti. "Mlingoti, mwambie aliyekutuma kwamba alinigongea juzi, nikakunja, na ndege haikuja. Kahawa ikalala na umande."

"Mlingoti, ya juzi iliahirishwa huko ilikotoka. Ya leo inakuja."

"Na wingu lile linakuja pia, jua ni hili tu. Wajukuu wanataka ada."

Kinamama wakaangua kicheko. Mmoja akapaza sauti, "Waitu, ndugu yetu mkurugenzi, mlingoti haukusikii? Mpe faini."

Ndege ikatokea juu ya migomba. Rubani akaniita kwenye redio.

"Naona vitu vyeusi kwenye njia. Ni nini?"

"Kahawa, Kapteni. Zunguka kidogo."

"Ya nani?"

Nikafikiri kumwambia ya wananchi. Nikashindwa. "Ya mama mkwe wangu, Kapteni."

Rubani akasema taratibu, "Pole. Nazunguka. Lakini mafuta yangu hayana mkwe."

Gari la hospitali likaingia. Nikamkimbilia muuguzi, nikamwambia, dada, shuka, nenda kwa yule mama wa turubai la bluu, mimi siwezi. Muuguzi akashuka na aproni ina damu. Hakupiga kelele. Akapiga goti akamsalimu shikamoo, akamwambia, "Mama, ndani ya gari kuna mzazi. Ndege ile ni yake."

Mama mkwe akatazama aproni. Akasimama akakamata pembe za turubai, kahawa ikamwagika nusu, hakujali. Akawageukia wenzake kwa Kinyambo, neno moja tu, na ile njia ikafagiliwa kwa khanga, kwa matawi, kwa mikono. Ndege ikashuka. Yule mzazi alifika hospitali kubwa, akapona, na mtoto wake anasoma sasa.

Lakini rubani aliandika taarifa, kama alivyotakiwa. Meneja wa Kanda akanipigia simu.

"Mzee, nakuja kukagua. Nikikuta punje moja kwenye njia, mkataba basi. Na ndege za wagonjwa hazitashuka tena hapo."

Nikakaa chini nikaona jambo ambalo sikuwahi kuliona, pamoja na ujanja wangu wote. Msimamizi wa zamani aligonga reli akasikilizwa kwa sababu alikuwa mtu wa Muleba. Hakuwa na mkwe Kituntu. Serikali ilipoleta mgeni ilijua inachofanya. Mimi nilikuwa mtu binafsi kweli, lakini binafsi wa pale pale, nina wakwe, nina mashemeji, nina deni la heshima kila mlango.

Diwani akaja na pikipiki kunitazama. "Sasa mkurugenzi, utaweka uzio? Utawatoza kinamama? Mkataba unakuruhusu."

"Unaniruhusu," nikamwambia. "Lakini mkataba hauli kwenye nyumba ya mkwe wangu Krismasi."

Akacheka mpaka akashika usukani. Lakini akakaa, akasikiliza. Pembeni mwa kiwanja nilikuwa na shamba langu la mihogo, lipo juani. Niling'oa mihogo yote. Nikaita fundi, tukajenga vichanja: meza ndefu za miti, juu yake wavu, kahawa inapata upepo juu na chini. Vya kutosha kila aliyekuwa akianika kiwanjani. Editha aliporudi nikamtuma kwa mama yake. Akarudi anacheka.

"Mama anauliza kama kile cha mwanzo ni chake."

"Mwambie ni chake."

"Anasema basi atahamia, lakini si kwa sababu ya mlingoti."

Meneja wa Kanda alifika, akatembea njia yote ameinama kama aliyepoteza pete. Hakuokota punje. Akaona vichanja vimejaa, kinamama wanageuza kahawa na kuimba.

"Nani alilipa hivi?"

"Mimi."

"Havimo kwenye mkataba."

"Najua."

Akanipa mkono. Niliuendesha mkataba ule mpaka ukaisha, ukaongezwa, ukaisha tena, na muda wote huo hakuna ndege iliyozungushwa kwa ajili ya kahawa. Sasa magoti yanagoma, nimepumzika mapema, shati lenye jina la kampuni navaa kanisani.

Vijana mnaniuliza bado: huduma za watu wote zibaki serikalini au wapewe watu binafsi? Wasomi wana majibu yao na diwani ana lake. Mimi nasema, yeyote mtakayempa, muulizeni kwanza atafanya nini kwa kile ambacho mkataba haukukitaja, maana kipo siku zote, na lazima mtu akilipie. Serikali ilikilipia kwa kufumba macho. Mimi nilikilipia kwa miti, wavu, misumari, fundi, chakula cha fundi na mihogo yangu niliyoing'oa mbichi: shilingi milioni tatu, laki sita, themanini na tano elfu na mia tano.