Cherehani Inyamaze, Diski Inasomwa

Saa mbili na robo asubuhi, cherehani inaunguruma kwenye nusu moja ya chumba. Kwenye nusu ya pili, mwanamke wa miaka hamsini na mmoja ameinama juu ya meza, sikio lake karibu na diski iliyolazwa juu ya kitambaa cha flana. Anasikiliza. Anakunja uso.

"Baba watoto, simamisha!"

Cherehani inanyamaza papo hapo. Mumewe, fundi nguo, anaondoa mguu kwenye kanyagio na kutazama dari. Mbele yake kuna sare kumi na mbili za wanakwaya zinazotakiwa Jumamosi, na leo ni Alhamisi.

"Mpaka saa ngapi leo?" anauliza.

"Ikikubali, saa tisa mchana. Ikigoma, Mungu ndiye ajuaye."

"Haya. Ngoja nishone vifungo kwa mkono."

Ndivyo nyumba hii inavyokwenda. Diski iliyochoka ikisomwa, mtikisiko mdogo tu unaweza kuimaliza, kwa hiyo hakuna kinachotikisika humu ndani. Mteja akiketi kwa kishindo hutazamwa jicho moja tu, naye husimama mwenyewe na kuketi upya.

Mtaa mzima unamwita Mama Subiri. Jina hilo amelipata kwa sababu, mtu yeyote akimpigia simu kwamba kompyuta imezimika na kazi zote zimo ndani, neno la kwanza analolisikia ni hilo: "Subiri! Usiiwashe. Usiiguse. Njoo nayo hivyo hivyo ilivyo."

Kazi yake ni kuokoa vitu vilivyopotea ndani ya kompyuta zilizoharibika, kisha kuziwekea programu upya ili zirudi kazini. Ameifanya kwa miaka kumi na sita. Kabla ya hapo alikuwa karani wa kuchapa barua ofisini, mpaka ofisi ilipopunguza watu, naye akarudi nyumbani na kiinua mgongo kilichotosha kununua kompyuta tatu zilizokufa. Mbili alizifufua. Ya tatu bado ipo chini ya meza, na anasema hajaikatia tamaa.

"Watu wanadhani kazi ni kuweka programu," aliliambia gazeti hili. "Kuweka programu hata mtoto anaweza. Kazi ni kujua kabla hujaweka, kuna nini mle ndani ambacho mtu huyu hataweza kukipata tena duniani."

Somo hilo alilipata kwa uchungu. Katika mwaka wake wa kwanza, mama mmoja alimletea kompyuta iliyogoma kuwaka. Alimuuliza kama kuna kitu cha kuhifadhi. Mama yule, akiwa na haraka zake, akajibu hakuna kitu, futa tu. Akafuta. Wiki iliyofuata mama akarudi, akaulizia picha za mwanawe aliyefariki, ambazo alikuwa amesahau kabisa kwamba zimo humo.

"Hakunigombeza," anasema Mama Subiri. "Angenigombeza ningepona. Hadi leo nikimwona barabarani navuka upande wa pili."

Tangu siku hiyo hafuti kitu chochote kabla ya kukinakili chote, hata mwenyewe akiapa kwamba ni takataka. Nakala anakaa nayo miezi mitatu, ndipo anaifuta. Na hapokei malipo mpaka mwenye mali aione mali yake kwa macho yake.

Diski iliyonyamazisha cherehani Alhamisi hii ni ya Bibi Mkunga, mama wa miaka sabini na minne aliyeketi pembeni, mkoba mapajani, mgongo umenyooka kama yuko kanisani. Kwa miaka thelathini na mmoja alizalisha wanawake wa mitaa hii, majumbani na kwenye zahanati. Kila mtoto alimwandika kwenye daftari: siku, saa, nyumba, jina la mama, uzito, na jinsi mtoto alivyokuja. Jumla yao ni elfu moja mia tisa na wanne.

Watu wengi wa hapa hawana karatasi nyingine inayosema walizaliwa lini. Wakitaka kitambulisho, au kuandikisha shule, wanakwenda kwa bibi. Yeye hutafuta, hunakili, hutia sahihi, na karani wa serikali huipokea sahihi hiyo bila maswali, kwa kuwa naye yumo daftarini.

Miaka mitano iliyopita mchwa waliingia kabatini. Bibi akakata shauri kuyahamishia madaftari kwenye kompyuta kabla hayajaliwa yote. Alichapa kwa kidole kimoja, miaka minne, kila mwaka wa uzazi ukiwa na faili lake. Alipomaliza, madaftari yaliyobaki vumbi na matundu akayachoma. Nakala nyingine hakuweka. Hakujua kwamba inatakiwa.

Wiki iliyopita kompyuta ikagoma kuwaka. Mkwe wake, dereva wa lori, mwenye moyo mwema kupita kiasi, akaichukua kimya kimya ili amfurahishe mama mkwe. Alipata diski ya programu kwa rafiki, akafuata maelekezo, akabonyeza "ndiyo" kila alipoulizwa. Kompyuta ikawaka, inang'aa, nyepesi, mpya kabisa. Na tupu.

Sasa mkwe ameketi kwenye benchi nje ya mlango. Hataki kuingia.

"Umemgombeza?" Mama Subiri anamuuliza bibi.

"Mkwe wangu mimi nimgombeze? Kwa mdomo gani?" bibi anajibu. "Nilimwambia ahsante baba. Nikaingia chumbani nikalia peke yangu. Lakini amejua. Tangu siku ile hali kwangu."

Mama Subiri anamweleza kilichotokea. Anachukulia mfano wa nyumba ya kupanga. Faili likifutwa, anasema, ni kama mwenye nyumba amefuta jina la mpangaji kitabuni. Jina halipo, lakini mtu bado yumo chumbani na godoro lake. Anaondoka kweli pale tu mpangaji mwingine anapoingizwa chumba kile kile. Na programu mpya, bibi, ni mpangaji mwenye vyombo vingi.

"Kwa hiyo wanangu wamo?"

"Baadhi wamo. Wangapi, sijui. Sitakudanganya."

Saa tisa na dakika ishirini nakala inakamilika. Diski inafunguliwa nyaya na kuwekwa kando, na fundi nguo anaruhusiwa kurudi kwenye kanyagio lake. Anashona kama mtu aliyekuwa amezibwa pumzi.

Ila kazi ndiyo kwanza inaanza. Programu ya kuchimbua inaleta mafaili elfu kumi na moja na zaidi, na hakuna hata moja lenye jina. Yote yamepewa namba. Mengi ni vipande vya programu na picha ndogo ndogo zisizo na maana. Kuyafungua moja moja kutachukua mwezi, na karani wa shule, anayesubiri tarehe za kuzaliwa za watoto, amekwisha kumpigia bibi simu mara mbili.

Mama Subiri anasukuma miwani juu ya paji la uso na kumgeukia.

"Bibi, ulipokuwa unawaandika, kuna maneno uliyoyarudia? Ambayo mtu mwingine hawezi kuyaandika?"

Bibi hafikirii hata kidogo. "Kila mtoto nilimalizia, alilia vizuri. Hapo ndipo nilipokuwa napata usingizi."

Mama Subiri anaiambia kompyuta itafute maneno hayo mawili ndani ya mafaili yote. Kijasho chembamba kinamtoka, ingawa feni inazunguka. Dakika ya nne, mstari wa kwanza unatokea. Kisha wa pili. Kisha skrini inaanza kujaa kutoka juu hadi chini: alilia vizuri, alilia vizuri, alilia vizuri. Bibi anaweka kiganja mdomoni. Cherehani imesimama tena, na safari hii hakuna aliyeisimamisha.

"We baba!" bibi anaita kwa sauti kuelekea mlangoni. "Ingia ndani uwaone!"

Mkwe anaingia, dereva mzima wa lori, machozi yanamtiririka bila aibu. Bibi anamsogezea kiti.

Walipohesabu, mafaili ishirini na tisa yalikuwa mazima. Mawili hayakuonekana: miaka miwili, watoto mia moja na kumi na wanane. Programu mpya ilikuwa imekaa juu yao. Mama Subiri alirudia kutafuta siku mbili nzima, kwa njia zote anazozijua, huku sare za kwaya zikimaliziwa kwa jirani. Hatimaye alimwita bibi na kumwambia ukweli usoni.

Bibi akauliza kama ile kompyuta nyingine mezani inaandika.

"Inaandika."

"Basi andika. Mwaka ule nilianzia nyumba ya kwanza karibu na kisima."

Mama Subiri, karani wa zamani, akaweka vidole vyote kumi kwenye vitufe. Bibi alifumba macho, akapita mtaa kwa mtaa kichwani mwake, mlango kwa mlango, na kila mlango ukampa mama na mtoto. Mama Subiri alichapa bila kutazama vitufe. Alisema hajafurahia kazi yoyote namna ile tangu atoke ofisini.

Kwenye mlango mmoja alitangulia kuchapa maneno ya mwisho kabla hayajatamkwa. Bibi akafumbua macho.

"Futa hapo, mwanangu. Huyo hakulia."

Mama Subiri akafuta. Akaandika hivyo. Kisha wakaendelea na nyumba iliyofuata.

Sasa ni wiki ya tano. Bibi huja kila Jumanne na Alhamisi, na mkwe ndiye anayemleta. Wamefikisha watoto sabini na mmoja. Arobaini na saba bado. Nakala ziko tatu: moja kwa bibi, moja kwa Mama Subiri, na moja ndani ya lori.

Mama Subiri ana mpango wa kufungua darasa la bure kila Jumamosi, awafundishe wazee na makarani kuweka nakala. Anajua litampunguzia wateja. "Acha wapungue," anasema. Mumewe ameshaahidi viti sita, kwa sharti kwamba siku hiyo atashona.

Lakini hamu yake kubwa kuliko zote ni kumaliza orodha ya bibi, na hapo sauti yake inashuka. Juzi bibi alikwama kwenye mlango mmoja, akasugua paji la uso kwa muda mrefu, kisha akacheka.

"Iliyobaki ni diski hii," alisema, akijigonga kichwa. "Na hii huwezi kuifungua kwa bisibisi."

"Siifungui, bibi," Mama Subiri alimjibu, akimsogezea kikombe cha chai. "Kunywa kwanza, halafu tujaribu nyumba ya jirani yake."