Wakazi wa Kibuyu cha Mama

Mama mmoja aitwaye Sikujua hatulii. Wanaomjua pale sokoni Katoro husema hata akikaa, miguu yake iko njiani. Miaka kumi na mmoja sasa anawauzia wachimbaji maziwa mgando, na siri yake yote imo ndani ya kibuyu kimoja cheusi cha marehemu mama yake. Kibuyu hicho hakijui sabuni. Hufukizwa moshi tu, na kila asubuhi hubakizwa humo maziwa kidogo ya jana ili yagandishe ya leo.

Mwaka mmoja, kwenye maonyesho ya wakulima, bwana mifugo aitwaye Eustace alimwekea tone la maziwa yale kwenye hadubini. Sikujua akachungulia, akashtuka.

"Mbona wamejipanga kama shanga?"

"Hao vijidudu ndio wanaogandisha, mama. Kila mahali pana wakazi wake. Wa lambo wana lambo lao, wa udongoni wana udongo wao. Hawa wako wamejibanza kwenye kuta za kibuyu. Ukienda kwa jirani, utakuta wengine."

Tangu siku hiyo akajiona mwenye nyumba, na wapangaji wake ni wale wale waliomgandishia mama. Akawa anawaamkia kabisa, tena kwa sauti. Majirani wakacheka mpaka wakachoka.

Kisha mwanawe akaoa. Amira, mkwe, ni binti msafi na mwenye huruma, na ndiyo balaa yenyewe. Siku moja Sikujua alirudi na ndoo ya maziwa akakuta kibuyu kimeanikwa juani, kinameta, kinanuka dawa ya kung'arishia nguo.

"Mama, nimekusugulia. Kilikuwa kinanuka!"

Angesema nini? Alisema, "Asante, mwanangu," akaenda nyuma ya nyumba akalia. Siku tatu mfululizo maziwa yalioza badala ya kuganda. Siku tatu hakulala. Alikuwa akiinuka kukinusa kibuyu kama anayemsikiliza mgonjwa anavyopumua.

Palibaki mahali pamoja tu pa kwenda: Mhunze, kwa Mageni, mdogo wake. Baada ya mazishi ya mama waligombania kibuyu. Sikujua, kwa ukubwa wake, alikichukua, akamwachia mwenzake nusu kikombe cha maziwa ya kugandishia. Tangu hapo hakuna aliyempigia mwenzake simu. Je, kama Mageni aliyamwaga kwa hasira? Alipofika Shinyanga mjini Sikujua alikata shauri arudi, akakata tena aendelee, akazunguka stendi na dumu lake tupu mpaka wapiga debe wakamuuliza amepotelewa na nini.

Mageni alimkuta amesimama uani kwake Mhunze.

"Shikamoo, dada." Hasira haikumnyima adabu.

"Marahaba. Mageni, kibuyu cha mama kimekufa. Kimeoshwa kwa sabuni."

Mageni alimpokonya dumu, akaingia ndani, akakaa huko muda mrefu. Sikujua alitembea kutoka mlangoni hadi zizini, akarudi, akaenda tena. Dumu lilipotoka lilikuwa limejaa hadi kooni. Mageni akammiminia kidogo kiganjani, naye akaonja. Ulikuwa ukali ule ule wa mama.

"Siku ile ulinipimia nusu kikombe, dada," Mageni alisema bila kumtazama. "Lakini hawa wa mama wanazaana. Chukua."

Sikujua akanyoosha mikono, akaona haya, akashindwa kupokea.